Ukungu ndani ya nyumba: kipi kiokolewe na kipi kiachwe pale penye mtu mwenye mzio

Neno ukungu lina maana mbili, na mkazi wa Morogoro anazijua zote. Upo ukungu unaofunika kilele cha Lupanga asubuhi, na upo ukungu unaoota nyuma ya kabati, chini ya godoro na kwenye kola ya koti lililotundikwa tangu masika yaanze. Huu wa pili, ambao wengine huuita kuvu, koga au fangasi, ndio tunaouzungumzia hapa.

Kwa watu wengi ukungu ni madoa na harufu tu. Kwa mwenye pumu au mzio, ni usiku wa kukohoa, kifua kubana, pua kuziba na macho kuwasha. Kila mvua zinapokatika, swali linalorudi katika vipindi vyetu vya afya na makazi ni lile lile: vitu vya ndani vimeingia ukungu, vipo ambavyo tumevinunua kwa jasho la miaka, je, kipi tukisafishe na kipi tukiage? Tumekusanya majibu hapa kwa kuzingatia nyumba zetu, jua letu na mifuko yetu.

Kwa nini Morogoro na milima ya Uluguru

Uluguru ni safu inayopanda hadi zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na inasimama kama ukuta mbele ya upepo unaotoka Bahari ya Hindi. Upepo huo hubeba unyevu, hupanda mlima, hupoa na kuumwaga kama mvua. Ndiyo maana upande wa mashariki, huko Kinole, Tegetero na Matombo, hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi wa Mgeta na Nyandira. Masika huanza Machi hadi Mei, na vuli hufuata kuanzia Oktoba hadi Desemba. Hata katika miezi ya kiangazi, mteremko wa mashariki hupata manyunyu.

Nyumba nazo huchangia. Tofali la kuchoma lililojengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu kwenye msingi hunyonya maji kutoka ardhini na kuyapandisha ukutani. Bati lisilo na dari hupoa usiku, pumzi na mvuke wa ndani hugusa bati hilo na kurudi chini kama matone. Madirisha hufungwa kwa kuogopa mbu na baridi, na migomba iliyopandwa karibu na ukuta huzuia jua. Halafu kabati linasukumwa hadi ligusane na ukuta wa nje, na hewa nyuma yake haitembei tena. Ukungu hauhitaji zaidi ya hapo. Kitu kilicholowa kikikaa bila kukauka kwa saa 24 hadi 48, huweza kuanza kuota.

Kuua ukungu hakutoshi

Hili ndilo jambo ambalo mwenye mzio anapaswa kulishika kuliko yote. Ukungu hutoa mbegu ndogo sana zisizoonekana kwa macho, nazo hupeperuka na kuvutwa puani. Mwili wa mwenye mzio hupambana na mbegu hizo pamoja na vipande vya ukungu wenyewe, viwe hai au vimekufa. Kwa hiyo godoro lililopigwa dawa au kuchomwa na jua hadi ukungu ukafa linaweza bado kumfanya akohoe usiku kucha, kwa sababu mabaki yake yamo ndani.

Swali la kujiuliza kwa kila kitu, basi, ni hili: je, ninaweza kuutoa ukungu wote ndani yake? Bei ya kitu, umri wake au aliyekupa havibadilishi jibu.

Usisumbuke pia kutafuta ni ukungu wa aina gani. Mweusi, wa kijani na mweupe wote hushughulikiwa kwa njia moja, na rangi haikuambii upi una madhara zaidi.

Kabla ya kugusa chochote

Tafuta kwanza maji yanakotoka. Tazama misumari ya bati, mfereji wa maji ya mvua, bomba linalovuja, na udongo uliorundikana ukutani kwa nje. Kurudisha kabati safi ndani ya chumba chenye ukuta uliolowa ni kuanza kazi upya mwezi ujao.

Kwa mpangaji, jambo hili linataka mazungumzo na mwenye nyumba mapema, kabla kodi ya miezi sita mingine haijalipwa. Mwoneshe palipovuja na mpige picha pamoja. Ukuta ukipakwa rangi juu ya ukungu, ukungu hurudi na rangi hubanduka.

Pili, amueni nani atafanya kazi. Mwenye pumu au mzio asiwepo siku ya kutoa vitu nje, hata kama ndiye mwenye mali. Ahamie kwa ndugu au jirani, asirudi hadi vumbi litulie na chumba kifutwe kwa maji. Tahadhari hiyo hiyo iwahusu watoto wachanga, wazee wenye matatizo ya kifua, watu ambao kinga yao ya mwili iko chini, na waliowahi kuugua kifua kikuu kikawaachia makovu kwenye mapafu. Kundi hili la mwisho husahaulika, ilhali aina fulani za ukungu huweza kuota ndani ya mapafu yenye makovu hayo.

Anayefanya kazi avae barakoa ya N95, glavu za mpira na nguo za mikono mirefu. Barakoa ya kitambaa haizuii mbegu za ukungu vya kutosha. Akimaliza, nguo zake zifuliwe peke yake na yeye aoge kabla ya kukaa na mgonjwa.

Usifagie ukungu ukiwa mkavu, wala usiwashe feni kuelekea kwenye vitu vyenye ukungu. Vyote viwili husambaza mbegu nyumba nzima. Futa kwa kitambaa kibichi chenye sabuni, na funika kitu kwa shuka kuukuu au turubai unapokipitisha katika vyumba vingine.

Mafungu matatu

Vikishatoka nje, gawa vitu katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu vigumu visivyonyonya maji: vyuma, vioo, plastiki, sufuria, vyombo vya udongo vilivyong'arishwa, vitanda vya chuma, meza za plastiki. Hivi huokoka karibu vyote. Vioshe kwa maji ya sabuni, visuuze na uvikaushe.

Fungu la pili ni vitu vinavyonyonya kiasi au vinavyofulika: mbao ngumu, nguo, mashuka, mablanketi, vyandarua, mikeka, viatu na mikoba ya ngozi. Hivi vinataka kazi, na vingi huokoka.

Fungu la tatu ni vitu vinavyonyonya hadi ndani na haviwezi kuoshwa humo: magodoro ya sponji, mito, mazulia mazito, midoli ya manyoya, mbao za chipubodi zilizovimba, bodi za dari. Vikishaota ukungu, nyumba yenye mwenye mzio iviache.

Iwapo maji yaliyoingia ni ya mafuriko, fungu la tatu huondoka lote, hata lililokauka kabla ya kuota ukungu. Walioishi Kilosa wakati mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, au Dumila na Magole Januari 2014, wanajua maji hayo huja na nini: matope, mizoga na maji ya vyoo.

Kabati, kitanda na meza za mbao

Samani za mninga, mkongo, mvule au mtiki zinastahili kupiganiwa. Anza kwa kuzigeuza. Mafundi wengi hupaka vanishi upande unaoonekana, hivyo ukungu huanzia nyuma, chini ya droo na kwenye miguu. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kikiwa kimekamuliwa vizuri, kisha futa tena kwa maji safi. Kausha kivulini penye upepo, maana jua kali huipasua mbao na kuipinda.

Yakibaki madoa yaliyoingia ndani, piga msasa nje ya nyumba, mbali na dirisha, huku mbao ikiwa imelowanishwa kidogo ili vumbi lisiruke. Kazi hii asiifanye mwenye mzio. Mbao ikishakauka kabisa, ipake vanishi pande zote, na mgongo wake usisahaulike. Kupaka vanishi juu ya mbao bichi ni kuufungia unyevu ndani.

Mgongo wa kabati kwa kawaida ni plaiwudi nyembamba, na ndio huoza kwanza. Mwite fundi seremala aung'oe na kuweka mpya. Watu wengi hutupa kabati zima kwa sababu ya ubao huo mmoja.

Makochi

Maelekezo yanayoandikwa Ulaya na Marekani husema kochi lenye ukungu litupwe. Hapa tuna nafuu. Makochi mengi ya Morogoro yametengenezwa na mafundi wa mtaani kwa fremu ya mbao, kwa hiyo yanaweza kuvuliwa. Toa kitambaa, sponji na magunia ya ndani, vyote hivyo viondoke. Osha fremu, ikaushe, ipake vanishi, kisha weka sponji na kitambaa kipya. Hakikisha fundi harudishi sponji la zamani kwa kisingizio kwamba bado ni zima. Kama fremu yenyewe ni chipubodi iliyovimba, hapo hakuna cha kuokoa.

Godoro, mito na chandarua

Godoro la sponji lililolowa jana na bado halina harufu wala madoa linaweza kuokolewa: lisimamishe wima penye jua na upepo, uligeuze kila baada ya saa chache, usilitumie hadi likauke katikati. Likishakuwa na madoa au harufu ya uvundo, jua litalisaidia juu tu. Mwenye mzio hulala juu yake saa nane na pua yake iko hapo hapo. Liondoke.

Godoro la sufi ni tofauti kidogo. Lifumue, sufi ya zamani uiache, foronya yake uifue na kuianika juani, kisha ulijaze sufi mpya iliyokauka.

Mito ni ya kubadilisha. Chandarua chenye dawa kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na maji ya baridi, bila jiki, na kianikwe kivulini ili dawa yake isiharibike.

Nguo, viatu na mikeka

Kung'uta nguo nje, kisha fua kwa sabuni. Mashuka na taulo za pamba zivumilie maji ya moto, kanga na vitenge zitumie ya baridi zisichuje. Suuza vya kutosha, anika juani pande zote, halafu piga pasi. Nguo inayoendelea kunuka uvundo baada ya kufuliwa mara tatu, mwenye mzio asiivae tena.

Viatu na mikoba ya ngozi hufutwa kwa kitambaa kibichi chenye sabuni, hukaushwa kivulini, kisha hupakwa dawa ya viatu. Mkeka wa ukindu husuguliwa kwa brashi na sabuni na kuanikwa juani. Weusi ukiwa umeingia kati ya misuko, acha.

Vyeti, picha na vitabu

Karatasi ni chakula cha ukungu na haioshwi. Kwa vyeti vya shule, hati ya kiwanja na kadi za kliniki, kazi ya kwanza ni kupata nakala. Asiye na mzio azipange moja moja mahali pakavu pasipo na upepo mkali, zikikauka azifute ukungu nje kwa brashi laini, kisha azipige picha kwa simu na kutoa nakala. Nakala ikae nyumbani. Karatasi halisi zifungwe kwenye chombo chenye mfuniko, nje ya chumba cha kulala. Kama zimelowa sana na huna muda, ziweke kwenye friza, kwani baridi kali husimamisha ukungu hadi utakapopata nafasi.

Cheti cha kuzaliwa kilichoharibika kinashughulikiwa na RITA, na vyeti vya mitihani ya shule ni suala la Baraza la Mitihani, NECTA. Picha za familia zipigwe picha upya kabla hazijashikana.

Msahafu au Biblia ya familia havitupwi jalalani. Zungumza na imamu, padri au mchungaji wako kuhusu namna ya kuvihifadhi au kuvistiri kwa heshima. Vitabu vingine vilivyoota ukungu kati ya kurasa, viage.

Mahindi na karanga vilivyokuwa chumba kimoja

Nyumba nyingi za mlimani huweka magunia ya mahindi, maharage na karanga ndani. Hapa hakuna kuokoa. Baadhi ya ukungu unaoota kwenye nafaka hutengeneza sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kuosha, kukausha wala kupika. Mwaka 2016, sumukuvu katika mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Nafaka yenye ukungu usiile, usiisage, usiwape kuku wala usiipikie pombe.

Mwiko na kibao cha kukatia chenye weusi ndani ya nyufa vibadilishwe. Kinu kizima kinaweza kusuguliwa kwa sabuni, kumwagiwa maji yanayochemka na kukaushwa juani.

Jiki itumike wapi

Kwa vitu vigumu, sabuni na maji na kusugua vinatosha mara nyingi. Ukitaka kutumia jiki kwenye sakafu, vigae au plastiki, usizidishe kikombe kimoja cha robo lita katika lita nne za maji, na fungua milango na madirisha. Kamwe usiichanganye na siki, dawa nyingine za choo wala kitu chenye amonia, kwani hutoa gesi inayoweza kuua. Harufu ya jiki yenyewe humbana kifua mwenye pumu, sababu nyingine ya yeye kuwa mbali.

Kwenye mbao jiki haina msaada mkubwa. Huondoa rangi ya doa juu, ukungu ulioingia ndani hubaki, na maji yake huiongezea mbao unyevu.

Kukausha na kurudisha ndani

Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo nafasi nzuri ya kazi hii. Kwa wa mlimani, anika kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri na uingize vitu kabla umande haujashuka. Panapokosa jua kabisa, ni bora kuvishusha vitu kwa ndugu aliye upande mkavu kuliko kuvigeuza geuza kwenye manyunyu.

Vilivyokauka visirudi vyote siku moja. Viweke kwanza kwenye banda au chumba kingine kwa wiki mbili au tatu. Harufu ikirudi, ukungu bado umo. Kisha ingiza kimoja kimoja, ukiacha siku kadhaa katikati. Mwenye mzio akianza kukohoa baada ya kiti fulani kuingia, mnajua pa kuanzia. Kwa mwenye pumu kali aliyewahi kulazwa, msimfanye kipimo. Kitu chenye shaka kisiingie kabisa.

Ndani, acha nafasi ya kiganja kati ya kabati na ukuta, inua kitanda na magunia kutoka sakafuni, na fungua madirisha mchana hata wakati wa baridi.

Vile ulivyoviacha, usimpe jirani bila kumweleza vina nini, maana huenda naye ana mtoto mwenye pumu. Sponji na mbao zilizopakwa dawa zisichomwe karibu na nyumba, moshi wake nao ni mbaya kwa kifua. Chana godoro ili asije mtu akaliokota jalalani akalilalia.

Kama fedha ni ya kitu kimoja

Tunajua si kila nyumba inaweza kubadilisha godoro, mito na makochi kwa mara moja. Fuata mpangilio huu: kwanza godoro na mto wa mwenye mzio, kisha paa au bomba linalovuja, kisha chumba anacholala kiachwe bila zulia, bila makochi na bila maboksi. Sebule inaweza kusubiri, na wageni wakae kwenye mkeka safi. Saa nyingi za mtu ndani ya nyumba hupita akiwa amelala, kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kitandani.

Kusafisha nyumba hakuchukui nafasi ya matibabu. Mwenye pumu aendelee na dawa zake na awe na pampu yake karibu. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikivutwa ndani anapohema, midomo ikibadilika rangi, au pampu isipompa nafuu, apelekwe kituo cha afya au hospitali saa hiyo hiyo. Kabati litasubiri.